Binti wa Mizani Uwanja wa Ndege

Yule binti wa mizani uwanja wa ndege hamwinulii mtu macho. Husogeza mzigo kwa vidole viwili, kisha husema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Umezidi, Bi. Lipia au punguza." Mie alinipunguzia pweza mkavu niliyekuwa nampelekea mwanangu aliyejifungua Dar, nikamlaani kimoyomoyo. Nyuma yangu akaja mamake mzazi yule binti na kikapu kizito kuliko changu.

"Mikate ya kumimina, ya nduguyo huko chuo."

Binti akainua mkate mmoja, akaunusa kwa muda, akaurudisha polepole.

"Umezidi, mama."

"Hata mie?"

"Hata wewe."

Mamake akachutama sakafuni kupunguza mikate, na binti akaita kwa upole ule ule, "Mwengine!"