Aya Iliyofutika Kila Jioni

Ofisini walimwita Bi Koma, na sababu zilikuwa mbili. Alikuwa amesahihisha gazeti moja miaka mingi, hata koma iliyokaa pasipo mahali pake ilimkera kama kokoto kiatuni. Tena alipochoshwa na maneno ya mtu alimwambia, "Koma hapo hapo," bila kuinua sauti. Gazeti lilipofungwa, kampuni moja ya programu ikamchukua kwa mkataba aandike upya maelezo ya programu yao kuu. Hapo ndipo alipokutana na Sanduku.

Sanduku ndiye aliyeitengeneza programu hiyo. Jina alilipata kwa kuwa kilichoingia kichwani mwake hakikutoka. Programu yenyewe haikuwa na vitufe vya kubonyeza: karani alifungua skrini nyeusi, akaandika amri ya kuhamisha mafaili, kisha akafuatisha maneno ya kuiongoza. Mojawapo ya maneno hayo, --nakala, lilikuwa na maelezo ya mstari mmoja: "Huweza kupokea jina." Basi.

"Huweza ndiyo nini?" Bi Koma alimuuliza. "Nisipotoa jina, inakuwaje?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kinachofuata," Sanduku alisema, akarudi kwenye skrini yake.

Ikabidi ajaribu mwenyewe, akianzia kwenye malalamiko ya karani mmoja wa tawi. Karani huyo alikuwa ameandika hamisha --nakala mishahara, akitaka folda ya mishahara ihamishwe na nakala yake ibaki. Programu ikalikuta neno mishahara nyuma ya --nakala, ikalimeza kuwa ndilo jina la nakala. Kwa kuwa sasa haikuona folda iliyotajwa, ikahamisha kila kitu, na tawi zima likashinda likitafuta mafaili yake. Bi Koma akaandika aya safi: neno lolote linalofuata --nakala huchukuliwa kuwa jina la nakala; kama huna jina la kutoa, taja folda kwanza, --nakala uiweke mwisho. Akatia mfano sahihi na mfano mbovu, akaenda nyumbani roho kwatu.

Asubuhi aya haipo. "Huweza kupokea jina."

Akaiandika tena. Ikafutika tena.

Dada yake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, alimsikiliza huku amebana pini midomoni. "Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu," alisema alipozitoa. "Yakishaandikwa anayoyajua, yeye atakuwa nani? Mimi mwenyewe sijamwonyesha mtu ninavyokata kola."

Tangu hapo Bi Koma akawa macho. Aliona Sanduku akimtazama kwa pembe ya jicho. Aliona anavyonyamaza kila yeye anapoingia. Siku moja Sanduku hakuja kazini, jino lilikuwa linamuuma, na aya ikafutika vilevile. Mwingine angesema basi si yeye. Bi Koma alisema anafutia nyumbani.

Aliporudi, shavu limevimba, alimkabili. "Aya yangu unaifuta kwa nini?"

"Siifuti mimi. Ukurasa ule hujengwa upya kila jioni kutoka ndani ya programu. Maelezo yenyewe yamo humo. Unachoandika juu ya ukurasa hakikai."

"Ulijua tangu lini kwamba napoteza kazi yangu?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukaninyamazia."

Sanduku alijishika shavu. "Kazi yangu ya zamani niliandika kila kitu, kikaeleweka. Wakanishukuru, wakanipa barua ya kuondoka. Halafu hapa meneja ananiambia unakuja kuyatoa yaliyomo kichwani mwangu. Nikajua umetumwa."

Bi Koma alitaka kucheka, kisha akakumbuka meneja alivyozoea kumwuliza mlangoni, "Ameshakwambia yote?" Alikuwa ameyachukua kama maneno ya kazi tu. Akaenda moja kwa moja kwa meneja.

"Ukurasa ukikamilika, Sanduku anabaki?"

"Nani amekutia maneno hayo?" Meneja alitabasamu. "Yule habanduki hapa." Aliyasema haraka mno, na Bi Koma hakuamini hata neno moja.

Hata hivyo simu za malalamiko kutoka matawini zilikuwa haziishi, basi waliketi wawili, wakaiingiza aya mle ndani ya programu, pamoja na nyingine nyingi. Sanduku alieleza kwa kudonoa donoa, jicho moja mlangoni. "Kwa kawaida inakubali," angesema, naye Bi Koma angemkata: "Koma. Kwa kawaida ni lini?" Sanduku angefikiri, angesema ni lini, nao wangeandika. Asubuhi aya ilikuwepo. Simu za matawi zikapungua.

Kazi ilipokwisha, meneja aliita mtu mmoja ofisini. Hakuwa Sanduku.

"Mkataba wako ulikuwa wa kazi hii, Bi Koma," alisema kwa upole. Kuhusu Sanduku alikuwa amesema kweli. Bi Koma hakuwa ameuliza kuhusu nafsi yake.

Sanduku alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akimbebea kamusi. "Sikujua," alisema. Bi Koma alimtazama usoni, asiweze kupambanua kama ni kweli. Akapokea kamusi yake, akashuka.

Siku hizi anasahihisha vitabu vya shule nyumbani, mezani pale pale dada yake anapokatia vitambaa. Juzi Sanduku alimwandikia: ana ukurasa mwingine, haueleweki, je, angeupitia?

"Anataka nini huyo?" dada aliuliza.

Ujumbe haujajibiwa. Bi Koma anasema kwanza ajue ni nani mwingine kule ofisini anayejua kwamba ujumbe huo umetumwa.