Alisema "Haya", Nikasema "Honte"

Nina kosa, na sitaliremba. Neno la mama wa watu nililiharibu mimi, kwa mdomo wangu huu, naye akafukuzwa kazi kama mwizi. Jina langu msiliulize. Halistahili wino.

Nilikuwa mkalimani kwenye depo ya mawe huko Mutoshi, pale wachimbaji wanapoleta madini yao. Bosi wetu alitoka mbali, hakujua Kiswahili; kila kilichosemwa nilimgeuzia kwa Kifaransa. Na nilivyokuwa na majivuno! Jioni naandika riwaya, mchana nawacheka makarani wenzangu kwa Kifaransa chao cha kuokoteza. Mimi, bwana wa maneno! Ptuu!

Mama Kabwe alikuwa akichambua mawe pamoja na wanawake wengine. Siku hiyo mlinzi aliona uvimbe kiunoni mwake, chini ya kitenge. Akamleta ofisini, mbele ya wanaume watano.

"Mama, unaficha nini pale?" mlinzi akauliza.

"Siyaiba kitu, tata."

"Basi fungula tuone!"

Mama Kabwe alikishika kitenge kwa mikono miwili, akaangalia chini. "Hapana, tata. Mi nasikia haya."

Bosi akanigeukia. "Anasema nini?"

Wewe unayesoma, neno hili unalijua kama mimi. Mtoto anayejificha nyuma ya mama yake mgeni akiingia, tunasema ako na haya. Mkwe asiyeweza kutafuna mbele ya mama mkwe wake, ako na haya. Binti anayenyamaza daktari mwanamume akimuuliza mambo ya mwili, ni haya hiyo. Kati yao nani ameiba? Kwetu tunayemwogopa ni yule asiye nayo!

Kifaransa kimeigawa haya yetu. Kuna *pudeur*, ya mtu anayeusitiri mwili wake. Kuna *honte*, ambayo ni aibu, na mbele ya meza ya bosi ni aibu ya aliyekamatwa. Nilizijua zote mbili. Nilizijua!

Nikajibu haraka, nionekane hodari: "Elle a honte."

Bosi akapiga meza. "Ana aibu? Basi amekiri."

Nilipaswa kusema hapo hapo, "Hapana, bosi, nimekosea." Sentensi fupi kama chafya! Lakini wale makarani niliowacheka walikuwa wananitazama. Nikiri mbele yao kwamba Kifaransa kimenishinda? Nikafunga mdomo. Na Mama Kabwe, maskini, alinitazama kwa shukrani. Alidhani nimemtetea.

Hata hawakumpekua. Walimtoa getini, mlinzi akipaza sauti, "Mwizi ya mawe!" Wachimbaji wakapiga miluzi. Mimi nikanoa penseli. Penseli, jamani!

Kesho yake alinijia Mama Odile, aliyekuwa akichambua mawe ubavuni mwa Mama Kabwe.

"Weye njo mukalimani, ulimuongelea jana?"

"Ndiyo, mama."

"Uliongea nini? Ule mama, tangu kuzaa mutoto wa mwisho, mikojo haimuache. Anajifungaka bitambaa. Bitambaa, mukalimani! Banamuke wote tulijua."

Akatema mate, karibu na kiatu changu. Kiatu nilichokuwa nimekipaka rangi asubuhi.

Nilikwenda kwa bosi, nikamweleza yote. Aliniambia nafasi ya yule mama imeshachukuliwa na mwingine, nisimsumbue. Na Mama Kabwe, kwa kuitwa mwizi kila alikopita, alihamia kwa dada yake, mji wa Mutshatsha.

Nilimfuata huko. Nilimkuta sokoni, ameketi kando ya magunia ya makaa anayouza, vidole vyeusi. Nilimweleza neno kwa neno.

"Weye ulijua vile nilitaka kusema?"

"Nilijua, mama."

"Sasa juu ya nini haukutengeneza?"

Nikaangalia chini. "Nilisikia haya, mama. Mbele ya bale banaume."

Alicheka! Kicheko kikavu, hata wauzaji wa jirani wakageuka.

"Haya? Mi nilisitiri mwili yangu. Weye ulisitiri majivuno. Ile inaitwa woga, tata. Kazi ulininyang'anya. Neno yangu uniachie."

Akanipa mgongo, akaendelea kumhudumia mteja.

Basi ninyi mnaonyamaza mkubwa akimwonea mtu, kisha mnajisifu kwamba mmelelewa vizuri, mna haya: waongo wakubwa ni ninyi. Nawadharau, kwa sababu nawajua kutoka ndani. Na wewe unayesema kwa niaba ya mtu asiyeelewa lugha unayoisema, ukikosea, rekebisha akiwa bado amesimama mbele yako. Mimi nilisubiri hadi Mutshatsha. Neno lake mama amelichukua, na kunipa langu ninalostahili: mwoga.