Kila Kabureta na Sikio Lake

"Shangazi, hiyo injini inakwambia nini?"

Nilimuuliza hivyo kabla hata sijaanza shule. Alikuwa ameinama ndani ya boneti, kipande cha mpira wa kumwagilia bustani kimeingia sikioni mwake, ncha ya pili ameielekeza kwenye mdomo wa kabureta. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepewa umbea mtamu. Hakunitazama.

"Inauliza huyu mtoto ni wa nani, mbona hajanawa uso."

Nikakimbia kunawa. Niliporudi akasema sasa inaulizia shingo. Mwisho nikaoga mwili mzima mchana kweupe, mama akashangaa nimepatwa na nini, na swali langu likabaki halijajibiwa.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Gereji yake iko nyuma ya nyumba yetu: ukitoka mlango wa jikoni unakanyaga saruji yenye madoa ya oili, juu kuna bati, ukutani spana zimening'inia kwa ukubwa kuanzia ile ya kutisha hadi ile ya kuchokonolea meno. Babu ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza hapo. Aliwafundisha watoto wake wote wawili, ila baba hakuvumilia grisi kwenye kucha, akakimbilia cherehani. Siku hizi yeye ndiye anayemshonea dada yake ovaroli, na kwa kuonyesha mapenzi humwekea mifuko kila mahali. Shangazi husahau ameweka nini wapi. Mama akizifua hutoa plagi, misumari, nusu ya kitunguu.

"Wifi," mama humwita kutoka kwenye beseni, "leo tunakula mchuzi wa plagi?"

"Wewe pika tu, wifi. Kwa chumvi yako ile, hakuna atakayejua tofauti."

Ndivyo wanavyoishi. Ukiwasikia kwa mara ya kwanza utadhani kuna kesi.

Magari ya kawaida shangazi anayatengeneza, lakini jina lake limejengwa na yale ya zamani yenye kabureta mbili. Watu huyaleta kutoka mbali, mengine yakivutwa kwa kamba. Kabureta ndiyo inayochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye injini. Zikiwa mbili, kila moja inalisha nusu yake, na lazima zivute sawa. Moja ikivuta zaidi, nusu ya injini inajiua kwa kazi na nusu nyingine inategea. Gari linatetemeka, linamisi, yaani linaruka mapigo, linazimika kwenye taa za barabarani huku watu wakipiga honi.

"Ni kama kubeba kabati na baba yako," shangazi alinieleza. "Wewe umetoa mishipa ya shingo, mwenzio ameshika kitasa."

Kuziseti ni kazi ya utulivu. Kwanza anafungua kile kiungo kinachozifunga pamoja, ili kila moja ijitegemee. Anawasha injini, anaiacha ipate joto. Kisha anachukua mpira wake na kusikiliza jinsi kila mdomo unavyovuta hewa: *ssss* huku, *ssss* kule. Anazungusha skrubu kidogo, kidogo tena, mpaka mivumo miwili ifanane. Halafu anafunga kiungo, anachukua bisibisi nyembamba na kunyanyua kidogo tu kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta. Injini ikichachamaa na kuendelea kuchachamaa, inakunywa petroli nyingi mno. Ikitaka kufa, ina njaa. Ikiinua sauti kidogo halafu ikatulia, hapo anatabasamu.

Na alikuwa na utaratibu mmoja aliourithi kwa babu. Akisimama ubavuni mwa gari, kabureta ya mbele inakuwa kushoto kwake na ya nyuma kulia. Ya mbele aliisikiliza kwa sikio la kushoto, ya nyuma kwa la kulia. Babu alisema kila kabureta na sikio lake. Ukiyachanganya, sikio linabaki na sauti ya kwanza na kukudanganya kwenye ya pili. Shangazi hakuwahi kuuvunja utaratibu huo. Hata mafua yakimbana, alisubiri yaishe ndipo aseti.

Mwaka huu likaja gari la Bwana Harusi. Jina lake halisi silijui vizuri, kwa sababu mtaa mzima unamwita hivyo: ana gari la zamani la rangi ya maziwa, refu, lenye taa za mviringo, ambalo hulikodisha kubeba maharusi. Yeye mwenyewe hajaoa, na anaomba asiulizwe.

Shangazi aliliseti, likaondoka. Baada ya siku chache likarudi. Linatetemeka. Akaliseti tena, safari hii akabadilisha na plagi. Likarudi, na Bwana Harusi naye amenuna.

"Fundi, jana limezimika katikati ya makutano. Bi harusi ndani, shela limebanwa mlangoni, mama mkwe anapiga kelele. Nimesukuma nikiwa na tai!"

"Petroli yako chafu," shangazi alisema.

"Petroli ni ileile, dada yangu."

Akazifungua kabureta zote mbili mezani. Akasafisha kila tundu, akapima maboya yanayoelea kwenye petroli, akabadilisha gasketi. Akatupa mpira wake wa zamani na kukata mpya. Nilikuwa nimekaa ngazini na vitabu vyangu, nikamwona akiweka kila kipande kwenye gazeti kwa upole, kama anamlaza mtoto. Hakuna kilichokuwa kibovu. Akaunganisha, akaseti, gari likaenda, likarudi.

Ndipo Bwana Harusi alipotoa lake la moyoni. Jumamosi kulikuwa na harusi nyingine. Kama gari halitatulia kabla ya hapo, atampelekea fundi mwingine azing'oe kabureta zote mbili na kuweka moja ya gari la siku hizi. "Na nitawaambia wenzangu wenye magari kama haya. Nisamehe, lakini siwezi kusukuma maharusi mpaka nizeeke."

Alipoondoka kwa miguu, shangazi alibaki akifuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Nilielewa. Wenye magari hayo wanajuana wote. Bila kabureta mbili, shangazi angebaki kumwaga oili na kubadilisha tairi, na hiyo, aliwahi kusema, ni kazi ya kungojea uzee.

Kesho yake alianza mapema. Bwana Harusi alikuwa ameliegesha gari kwa hasira, limebanana na ukuta upande uleule wa kabureta.

"Angalia alivyoliweka! Kama anaficha deni," shangazi akafoka. Alijaribu kulisukuma, likagoma. Basi akazunguka upande wa pili, akapanda juu ya kreti la soda, akainama juu ya injini na kuzifikia kabureta kwa ng'ambo. Sasa ya mbele ilikuwa kulia kwake na ya nyuma kushoto.

Akaweka mpira. Akakunja uso.

"Haiwezekani."

"Nini, shangazi?"

"Ya mbele inanguruma kama kiboko. Ya nyuma sijui kama ipo. Na siku zote hizi ya mbele ndiyo iliyokuwa ikinyongea, nikawa naiongeza."

Akarudi kwenye ya nyuma. Akasikiliza kwa sikio la kushoto. Kisha, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya, akauhamishia mpira uleule sikio la kulia, kwenye kabureta ileile. Akautoa. Kushoto. Kulia. Kushoto tena, macho ameyafumba.

Akaingiza mkono dirishani na kuzima injini.

Alishuka kwenye kreti, akalikalia.

Mama akatoka jikoni na kikombe cha chai. Aliona uso wa wifi yake, akaona mpira chini, akaja taratibu kukaa kwenye tairi la akiba lililolala hapo. Alizunguka kabisa, akakaa kulia kwake.

"Wifi, sikio la kushoto limekwisha," shangazi alisema. "Gari la watu halina kosa. Mimi ndiye ninayetetemeka."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Hilo sikio. Tangu mwaka jana. Nilikutukana kutoka kushoto, tusi zuri kabisa, hukujibu. Nikasema huyu ama ameokoka ama hasikii." Mama akampa chai. "Unafikiri nahamahama viti mezani kwa sababu nina bawasiri? Nahama ili unisikie. Matusi yangu siyapotezi bure."

Shangazi alimtazama. Halafu akaanza kucheka, chai ikamwagikia ovaroli, machozi nayo yakaja humohumo katika kicheko, na mama akawa anampangusa kwa pindo la kanga huku akimwambia aache kuharibu nguo za fundi cherehani.

"Nikisema, watu hawatanipa tena magari."

"Usiposema, watasema wao. Kwani la kulia lina nini?"

Shangazi alimaliza chai. Kisha akatuita sote wawili, tukalisukuma gari, mama akilalamika kwamba hakuolewa kwa ajili ya kazi hiyo. Akaanza upya kwa sikio moja. Alisikiliza ya mbele kwa la kulia, akapumzika mpaka sauti ikatoka kichwani, akasikiliza ya nyuma kwa lilelile. Ilimlazimu kukunja shingo kama anayechungulia chini ya kitanda. Akarudi mbele. Akarudi nyuma. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona. Aliponyanyua kile kipande kwa bisibisi, injini ikainua sauti kidogo, ikatulia. Aliweka kikombe kitupu juu ya injini inayonguruma, na kikombe hakikulia.

Bwana Harusi alipokuja, shangazi alimwambia ukweli wote kabla hajampa ufunguo. Yule bwana aliweka sikio karibu na injini, akaenda kuzunguka mtaa, akarudi.

"Fundi," alisema, "kabla ya Jumamosi ijayo nitamleta na mwenzangu wa gari jeusi. Lakini nitamwambia asimame kulia."

Alipotoweka kwenye kona, shangazi alibaki akikunja mpira mkononi. Nikamkumbusha kwamba nilimuuliza swali nikiwa mdogo, akanidanganya mpaka nikaoga mchana. Injini huwa inamwambia nini?

Alinigeuzia upande wa kulia ili niseme tena, nikasema tena.

"Hainiambii kitu, mwanangu. Mimi ndiye ninayeiuliza kama wote wawili wanavuta sawa. Na kwa kuwa sasa nauliza kwa sikio moja, nauliza mara mbili."