Paja Lililofichwa na Heshima

Nyumba ya mama yangu ipo Nyambureti, upande wa juu wa shamba, na choo kipo upande wa chini. Kati ya mlango wa nyuma na choo kuna hatua arobaini na mbili, na kumi za mwisho ni za mteremko. Ni choo cha shimo, chenye sakafu ya saruji na mlango wa bati. Anayekitumia huchuchumaa, na akimaliza huinuka kwa nguvu za miguu yake, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na kitu cha kushika.

Jambo la pili la kutanguliza ni desturi. Kwetu, mwanamume aliyekwisha kutahiriwa haingii chumba cha ndani cha mama yake, wala hautazami mwili wake chini ya khanga. Mama naye, aliyelima kwa jembe la mkono tangu kabla sijazaliwa, hakupata kumwonyesha mwanamume yeyote, isipokuwa marehemu baba, kilicho juu ya goti. Goti lilikuwa mpaka. Maumivu ya chini ya mpaka huo yalisemwa hadharani. Ya juu yake hayakuwa na wa kuyauliza. Nimefundisha shule miaka mingi na nimezoea kusahihisha makosa ya wengine. Hili sikuliona.

Magoti yalipoanza kumwuma nilimpeleka kwenye zahanati moja. Tabibu alikuwa nyuma ya meza yake. Mama alifunua magoti yote mawili, kisha akaishika khanga hapo hapo kwa mikono miwili, kama anayezuia mlango. Tabibu hakuinuka.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Waulize magoti yenyewe."

"Ni umri, bibi. Yamesagika. Punguza kazi, upumzike. Huna wakwe nyumbani?"

"Ninao wawili."

"Basi wafanye wao."

Akaandika vidonge vya maumivu, akamwita anayefuata. Hasira yangu inaanzia hapo. Hakusema uongo, magoti yalikuwa yamesagika kweli. Lakini aliishia pale khanga ilipoishia, hakumwambia mama asimame, hakumwambia atembee, na bado akauita huo uchunguzi.

Sisi tulifanya vibaya zaidi, tena kwa moyo safi. Mimi na mdogo wangu tulikwenda Mugumu tukanunua kiti cha sofa, kipana na chenye mto mnene, tukakiweka sebuleni. Wake zetu wakampokonya mama jembe, ndoo na mwiko. Katika boma letu ni aibu mama mkwe kuonekana amebeba maji huku wake za wanawe wapo, na aibu hiyo ilipata sasa baraka ya daktari. Kila alipojaribu kuinuka, mwingine alikuwa amekwisha kuinuka kwa niaba yake. "Kaa, mama." Maneno hayo mawili yalisemwa nyumbani kwetu mara nyingi kuliko sala. Akakaa. Akakaa karibu miaka miwili, na wageni wakatusifu kwamba tunajua kumtunza mzazi.

Jumamosi moja wake zetu walikuwa mnadani. Nilikuwa barazani nikisoma, nikasikia sauti kutoka chini ya shamba: "Mura!" Ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume, na mama huniita hivyo ingawa nina wajukuu.

Nilishuka hadi kwenye mlango wa bati. "Mama, kuna nini?"

"Nimechuchumaa, siwezi kuinuka. Miguu imekataa."

"Nifungue?"

"Thubutu! Ukifungua huo mlango sina mtoto. Nitafutie mwanamke."

Nikakimbia kwa jirani, nikamkuta anaanika mtama. Tuliporudi, mama alikuwa amekwisha kuanguka akakaa kwenye saruji. Jirani aliingia peke yake, akamwinua, akamfunga khanga. Mimi niligeukia shamba la mihogo. Mama alipopita hakunitazama.

Tangu siku hiyo alipunguza maji ya kunywa, na bakuli la uji likawa linarudi nusu. Mke wangu alipomwuliza, alijibu bila kuficha: "Nikinywa nitatoka. Nikitoka, nani ataniinua? Nisubiri mnada uishe?"

Alikuwa anajikausha kwa kiu ili asishikwe mkono chooni, katika nyumba yenye watu wanane waliokuwa wakimheshimu.

Mke wangu ndiye aliyesikia habari za mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke, akampeleka mama. Mimi nilikaa upande wa pili wa pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari ndiye wewe? Mbona umri wa mjukuu wangu?"

"Ndiye mimi. Fungua khanga mpaka juu."

"Juu kuna nini? Linalouma ni goti. Au uko mnadani unachagua mbuzi?"

"Mbuzi mwenyewe amekonda, mama. Haya, kaza hapa chini ya mkono wangu."

"Nimekaza."

"Bado."

"Nimekaza, mwanangu!"

"Umekaza meno. Paja limelala."

Akaeleza, na mimi nyuma ya pazia nikasikia kila neno. Goti likiuma na kuvimba, mwili wenyewe huuzuia msuli wa mbele ya paja usifanye kazi yake yote. Mtu anaamuru, na amri haifiki nzima. Msuli usiotumika hukonda. Ukikonda, goti hukosa wa kulishika, likauma zaidi. Kisha akauliza: "Mama huyu mmemkalisha kwa muda gani?" Mke wangu akamwambia. "Nani aliwaagiza?"

Alichoagiza hakikuhitaji chombo chochote. Khanga ikunjwe, iwekwe chini ya goti, mama aikandamize kwa goti akihesabu hadi tano, aachie, arudie. Baadaye mguu uinuliwe ukiwa umenyooka. Kisha ainuke kutoka kwenye benchi refu bila kushika kitu, akae polepole, ainuke tena. Sofa liondolewe. Kwamba magoti yatauma kiasi alimwambia waziwazi, na akasema kuuma huko si kuharibika.

Wiki za kwanza mke wangu alilazimika kukaa juu ya mikono yake ili asimsaidie. Majirani walipita wakicheka: "Kwa mwalimu bibi anafundishwa gwaride." Mdogo wangu alikuja kutoka Matongo anakofanya kazi, akaona sofa limewekwa ghalani, akafoka.

"Kile kiti tulikinunua ili mama asimamishwe kama askari?"

"Kakalie wewe," mama akamjibu, huku akihesabu.

Nilisimika nguzo mbili za kushika chooni, kazi ambayo desturi haikunikataza hata siku moja, na ambayo kwa miaka miwili sikuwa nimeifikiria.

Mwezi wa tano wa mazoezi, siku ya mnada, wake zetu wakiwa hawapo, mama alishuka chooni peke yake, akarudi, akaomba maji. Magoti bado yanamwuma. Maji anakunywa.