Msikilizaji wa Nyuma ya Ukuta

Tusekile wa Makwale alikuwa mchaguzi, na watu walimsema kwa hilo. Siku zile za Mdachi, kabla vita havijafika kwetu, aliyejua kusoma alishukuru kwa karatasi yoyote aliyopewa. Yeye hapana. Alikishika kitabu kama mwanamke anavyoshika samaki sokoni, akakigeuza, akakinusa, na kisipomridhisha alikirudisha. Mimi nilimpenda kwa tabia hiyo. Watu wanaosema kila kilichoandikwa ni kizuri hunichosha.

Alijifunza kusoma misheni akiwa msichana, kisha akaolewa na Angetile, mkulima wa mpunga na ndizi. Baba yake Angetile, mzee Andongwisye, hakuwa amebatizwa. Alishika desturi ya Wanyakyusa kuhusu mkwe na baba mkwe, na Tusekile, ingawa Mkristo, aliishika pia. Hawakutazamana, hawakusemezana, na jina la mzee halikupita midomoni mwake kamwe. Wakikaribia kukutana njiani, yeye alijitupa migombani akainama mpaka mzee apite. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuuona uso wake.

Lakini kuta zetu zilikuwa za mianzi. Jioni moja Tusekile alikuwa akimsomea mumewe kitabu chao cha pekee ndani, wakasikia kikohozi nje. Mzee alipita kuangalia ng'ombe, akasimama. Kesho yake alikuja tena, safari hii na kigoda chake. Tangu hapo ikawa hivyo: mmoja anasoma ndani, mwingine anasikiliza nje, na hakuna anayeonyesha kwamba anajua. Akisikia kile kikohozi, Tusekile alipaza sauti kidogo. Njia nyingine zote za kumheshimu mzee huyo zilikuwa za kujificha. Hii moja ilimfurahisha, na alifurahi kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kitabu kile kikasomwa hadi kikachanika. Ndipo ikaja habari kwamba mwalimu Eliud wa misheni ameshusha sanduku la vitabu kwa mtumbwi pale gulioni Lyulilo, na anavibadilisha kwa mchele. Tusekile akajitwika kikapu, mchele wa kutosha kitabu kimoja tu, akashuka ziwani.

Mwalimu alikuwa ametandika mkeka kati ya wauza vyungu na wauza samaki.

"Ugonile, Tusekile!" akamsalimu. "Chako nimekiweka pembeni."

Akampa kitabu kinene chenye picha. Alimweleza kwamba kinasimulia ukoo mmoja ulioacha mambo ya zamani, na kwamba anatafuta mwanamke wa kuwasomea wenzake kila Jumapili baada ya ibada. "Hakuna anayekushinda kusoma. Kichukue, na kazi ni yako."

Kazi hiyo Tusekile aliitamani, nisifiche. Alitaka kusimama mbele za watu wamwone, maana migombani alikuwa ameinama vya kutosha. Hata hivyo aliketi kwanza akakisoma, hapo hapo mkekani, huku mwalimu akihangaika na wateja.

Katikati akamkuta bibi harusi anayemwendea baba mkwe wake uso kwa uso. Mzee wa watu anajifunika jani la mgomba, anakimbia, anaanguka topeni, na ukoo mzima unacheka. Hata picha ilikuwepo, miguu ya mzee iko juu. Kurasa chache mbele mzee anakufa, na aliyeandika hakuona sababu ya kumlilia.

Akakifunga. Akapekua sandukuni mpaka akapata kijitabu chembamba kilicholiwa na mchwa, habari za mvushaji aliyevusha watu mtoni wakati wa mafuriko. Hicho nacho alikisoma kwanza.

"Nipe hiki, Mwalimu."

"Hicho? Hata jalada hakina!" Eliud hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. "Au ni yale mambo ya kuogopa wakwe? Wewe ni Mkristo bwana, hayo tumeyaacha."

"Simwogopi, Mwalimu. Namheshimu. Kitabu hiki kinamcheka mtu kana kwamba hayupo. Kwangu nikisoma, yupo. Anakaa nyuma ya ukuta anasikiliza."

"Basi usikisome nyumbani. Kisome kanisani tu."

"Nimcheke Jumapili, halafu Jumatatu nimsomee?"

Mwalimu akashusha pumzi. "Nikimpa mwingine kazi hii, utalia."

"Nitalia," akasema Tusekile, akamimina mchele wake, akashukuru. "Ndaga, Mwalimu."

Akalia kweli, njia nzima ya kurudi Makwale.

Kazi akapewa jirani yake, Felista. Jumapili Felista akasoma kile kitabu kinene, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko chenyewe hakikuishia kanisani. Kabla ya jioni mzee Andongwisye alikuwa ameambiwa kwamba wanawake wa misheni wana kitabu cha kuwacheka baba wakwe, na yeye alijua vizuri nani alikuwa ameshuka Lyulilo kutafuta kitabu. Jioni hiyo kikohozi hakikusikika. Wala jioni zilizofuata.

Tusekile aliumia sana. Hakuweza kumwendea, hakuweza kumwita, hakuweza hata kumtaja. Angetile akaenda kumweleza baba yake, akajibiwa kwamba mume kumtetea mkewe si habari mpya.

Basi Tusekile akasoma tu. Kila jioni alifungua kile kijitabu akasoma kwa sauti iliyofika kwa majirani, akiuelekea ukuta.

"Huko nje hakuna mtu," Angetile akamwambia.

"Najua," akajibu, akaendelea.

Siku moja alifika pale ambapo maji yamejaa, watu wote wamevuka, na mvushaji anageuza mtumbwi kumfuata kikongwe aliyeachwa ng'ambo. Wenzake wanampigia kelele kwamba huyo ameishi vya kutosha. Mvushaji anapiga kasia tu. Tusekile akageuza ukurasa.

Nje ya mianzi mtu akasema na ng'ombe, taratibu, kwa sauti ya uzee.

"We ng'ombe, mwenye kitabu amefika mbali, na mimi huko mwanzo sikuwepo. Hata sijui huyo mvushaji ni mtoto wa nani."

Tusekile hakujibu, desturi haikumruhusu. Akafuta macho kwa kiganja, akarudisha kurasa mpaka ule wa kwanza, akaanza upya.