Kikombe Nyuma ya Mgongo

Watu wa kanisani kwetu, hapa Soweto Mbeya, hupenda kuniuliza Mungu aliniitaje. Wanataka sauti, au ndoto yenye mwanga. Sina. Mume wangu alikuwa ameshazikwa, matanga yameisha, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, nami nimekaa benchi la nyuma kwa sababu la mbele lilijaa watu wa kunipa pole. Mwinjilisti akasoma matangazo. Kuna mwamvuli umesahaulika, kwaya ya vijana ibaki, na kule hospitali wodi ya wanaume ina wagonjwa wasio na mtu wa kuwaletea chakula, aliyeguswa asimame. Nikasimama. Sikulia wala sikufurahi. Ilikuwa kama mtu amekuambia sufuria inafurika jikoni, unainuka. Mchungaji aliponiuliza nilisikia nini moyoni, nikamwambia moyo una ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, labda ni miguu yenyewe iliyoitwa. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Uji nilijifunza kwetu Kalenga, Iringa, kule wageni wanakokuja kuangalia makumbusho halafu wanatuuliza sisi mambo ambayo hata hatuyajui. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, walevi walikuwa wanalala kando ya njia, na asubuhi ya Iringa siyo ya kulala nje. Mama yangu alikuwa anawapelekea uji wa ulezi pale pale walipoangukia. Baba akasema unalea walevi. Mama akamwambia yeye hapikii ulevi, anapikia tumbo. Sijui kama na ule ulikuwa wito. Yeye aliuita uji tu.

Nimetoka nje ya njia. Turudi wodini.

Kitanda cha dirishani kulikuwa na mzee mmoja wa Kinyakyusa, wa upande wa Tukuyu. Alianguka shambani akavunjika nyonga, na mkono wa kushoto ukawa hauna nguvu. Majirani walimleta wakarudi kwenye mashamba yao ya chai. Watoto wake wako Dar, simu inaita tu. Alikuwa amekonda mpaka shuka ilikuwa inalala juu yake kama imetandikwa. Chakula alikuwa anakataa, ila uji wangu akaupenda. Nesi akaniambia, mama, huyu usimwache, asipokula hatumfikishi popote. Basi nikawa namnyanyua kichwa, nashika kikombe, anakunywa. Mimi namwita baba, yeye ananiita mama. Siku zikaenda hivyo.

Sasa siku moja nikataka kumfurahisha. Mimi ni Mhehe, lakini nimeolewa Unyakyusani, na Kinyakyusa cha jikoni ninacho. Akanishukuru, nikamjibu kwa lugha yake. Akashangaa, akaniuliza umeolewa wapi. Nikamtajia kilima cha kwao mume wangu, nikamtajia na nyumba yenyewe, kwa maringo kabisa. Yule mzee akaacha kumeza. Akakisukuma kikombe kwa mkono wake mzima, akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa.

Baba mkwe wangu alikuwa ndugu yake, babu zao ni wa baba mmoja. Kwa hiyo na yeye ni baba mkwe wangu.

Msiojua mila za kule mtaona ni kitu kidogo. Mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawakutani njiani, chakula mzee hapokei mkononi mwa mkwewe. Mimi nilipoletwa pale kama bibi harusi, wifi yangu alinifundisha siku ya kwanza: ukisikia mzee anakohoa, toka njiani, jifunike, geuza mgongo. Na mzee alikuwa anakohoa kweli, siyo kwa kuumwa, ni honi. Mara moja alikohoa nikiwa na ndoo ya maji kichwani, nikaingia nayo kwenye migomba, maji yote yakanimwagikia, naye akapita zake. Tuliishi hivyo mpaka anafariki. Uso wake niliuona vizuri kwenye picha ya jeneza. Na nilimheshimu yule mzee kuliko watu wengi niliowatazama usoni.

Kwa hiyo niliposimama pale wodini na kikombe mkononi sikubisha. Nilijua yuko sawa. Tatizo ni kwamba alikuwa na njaa.

Kitanda cha jirani alilala mchuuzi wa viazi wa Mbalizi, Msafwa mwenye maneno mengi, mguu wake umening'inizwa. Akachukua kikombe kwangu, akajinyoosha, akampa mzee. Ikawa kazi yake. "Mzee, mkweo kaleta," alikuwa anasema, "mimi ni posta tu, stempu nalamba mwenyewe," kisha anaonja kwanza. Wodi nzima inacheka. Mzee anakunywa chini ya blanketi, mimi nimesimama mlangoni natazama ukuta.

Nilikwenda kwa mchungaji. Akasema mambo hayo kwa Kristo yamekwisha, mweleze mzee. Nikasimama mlangoni nikayasema kama nilivyotumwa. Mzee hakunijibu mimi. Aliugeukia ukuta akauambia, "Mwambieni mchungaji yeye hana mkwe humu ndani." Mchuuzi alicheka mpaka mguu wake ukamuuma.

Halafu mchuuzi akaruhusiwa. Kitanda chake akaletwa mtu wa ajali ambaye hata jina lake hajui. Nesi alikuwa peke yake siku hiyo, ana dripu mikononi, akasema weka hapo nitampa nikipata nafasi. Nikaweka kwenye kimeza. Kesho yake nikakikuta kikombe kimejaa, kimefanya ngozi juu. Kimeza kilikuwa upande wa mkono mbovu, na yule mzee siyo mtu wa kuita.

Nilisimama pale nikafikiri, kama ile ni kufikiri. Mungu amenituma nimlishe mtu huyu, na adabu niliyofundishwa inasema nisimkaribie. Wengine wangepiga magoti. Mimi nilijifunika kanga kichwani, nikageuza mgongo, nikaanza kurudi kinyumenyume kati ya vitanda na kikombe nimekishika nyuma. Nikagonga stuli. Mgonjwa mmoja akasema, mama anaegesha lori. Mwingine akawa ananielekeza, kulia kidogo, hapo, simama.

Nikasimama. Mkono nyuma. Nilifikiri hatachukua. Kisha kikombe kikaondoka mkononi mwangu, nikasikia anameza. Kikarudi, chepesi.

Tukawa tunafanya hivyo kila siku. Kwa uzito wa kikombe nilijua amekunywa kiasi gani. Siku ya baridi kali, milima yote imefunikwa na ukungu, aliuuliza ukuta huyu mama mumewe yuko wapi, mbona haji naye. Nikauambia mlango kwamba ameshazikwa. Kisha akasema, "Ukuta, mwambie mke wa mwanangu, pole."

Pole nilikuwa nimepewa nyingi, za kukumbatiwa na za bahasha. Hii nayo sikuisikia popote mwilini. Ila nilipofika nyumbani nilikoroga chai muda mrefu sana, nikakuta sikuweka sukari wala majani. Nilikuwa nakoroga maji ya moto.

Siku ya mwisho sikujua kuwa ni ya mwisho. Niliingia kama kawaida, macho chini, nikageuka, nikarudi kinyumenyume, siku hizo stuli walikuwa wananiondolea. Nikanyoosha mkono. Kikombe hakikuchukuliwa. Nikangoja, mtu anaweza kuwa amesinzia. Mkono ukaanza kuuma. Nikakohoa kidogo, kama alivyokuwa anakohoa baba mkwe wangu, nikijua kabisa siyo mimi ninayepaswa kukohoa. Wale wanaonielekeza hawakusema kitu. Hapo ndipo nilipojua.

Nesi akaja akanigusa bega. "Mama, geuka tu. Ameshaenda."

"Siwezi," nikamwambia. "Ni mkwe wangu."

Akanitazama. Kisha akanitoa kikombe mkononi polepole, kwa sababu vidole vilikuwa haviachii. Nikamsikia anavuta shuka. Nilitoka bila kugeuka. Kwa hiyo uso wake wa mwisho ninao ule wa siku ya maringo, mdomo umeacha kumeza. Simu ya Dar ilipokelewa hatimaye, wakaja na gari, na kwenye mazishi nilikaa na wanawake wa nyumba ile, nyuma, nimejifunika.

Mchungaji akaniuliza tena kama sasa nimesikia kitu. Nikamwambia bado. Akaniuliza kama nitaacha. Nikamwambia ulezi nimeshauloweka.

Kesho yake nilipeleka uji. Kitanda cha dirishani alikuwa amelala mzee mwingine, Mnyakyusa pia, nilimsikia akiongea na nesi. Nikamnyanyua kichwa, akanywa, akashukuru, akaniuliza nimeolewa wapi.

Nikamwambia, "Mimi natoka Kalenga."