Magesa Akija

Sisi tuliolelewa Mirongo enzi zile hatukuamshwa na jogoo wala saa. Tuliamshwa na sauti moja ya kodiani, ileile, inabonyezwa, inanyamaza, inabonyezwa tena, mpaka mama anasema kutoka jikoni, "Baba Mabula, hiyo imeshapona, waache watoto wanywe uji." Baba alikuwa fundi wa vyombo vya muziki. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake, na kila mwenye gitaa lililopasuka, tarumbeta lililobonyea, au kodiani, kile kinanda cha kuvaa kifuani chenye mfuko wa kuvuta na kubana, aliijua njia ya kwetu. Walitoka Kisesa, Usagara, Magu. Wengine walivuka maji kutoka Ukerewe, chombo kimefungwa ndani ya kanga ya mke kisije kikalowa.

Naandika haya nikiwa nimekaa katika chumba kilekile. Nimestaafu. Nyumba hii tumekubaliana na ndugu zangu iuzwe, nami nahamia Kisesa kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili. Vyombo vilivyokuwa vimebaki ukutani, vya Baba na vya watu, vilikuwa ishirini na vitatu. Binti yangu Neema alikwenda kupima ukuta wa sebule mpya, akarudi na jibu: "Mama, vitatu tu. Chagua." Watoto wa siku hizi wanasema "chagua" kana kwamba unachagua mlio wa simu. Mwanawe, mjukuu wangu, aliitazama kodiani akauliza inachajiwa wapi.

Nilicheka, lakini nilikuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo una umri mkubwa kuliko Neema.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa nikisema hatukuwa na vitu, na bado siku hazikututosha. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tukacheza kombolela katikati ya mawe makubwa ya mlimani hadi magoti yakawa meupe. Asubuhi shuleni mchakamchaka, mchana michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha na karanga, jioni furu wa kukaanga, visamaki vya ziwani ambavyo ulivila na miba yake ukashukuru. Wale wadudu wa ziwani walipokuja kama moshi, mama alifunga madirisha, na Baba alikimbia kufunika vyombo kabla hajatufunika sisi. Mama alimsema kwa hilo mpaka uzee wao.

Karakana ilikuwa na sheria, na sheria ya kwanza ilikuwa karatasi. Kila chombo kilichoingia kilifungwa kipande cha boksi la sabuni, kimeandikwa jina la mwenyewe na kijiji chake, kwa uzi wa nyavu na fundo la wavuvi ambalo halilegei. Baba alisema, "Cha mtu ni mgeni. Mpe mahali pakavu, usimuulize anaondoka lini." Sheria ya pili ilikuwa kwamba hakuna mtu kupiga chombo kisichokuwa na jina lake. Na ya tatu niliipenda kuliko zote. Mwenye chombo alipokuja kukichukua, hakuondoka nacho hivihivi. Alikaa kwenye stuli, akapiga kidogo, na Baba akasikiliza amefumba macho. Akiridhika alisema maneno yaleyale kwa kila mtu: "Imekukumbuka. Haya, chukua." Hapo ndipo kazi ilipokwisha.

Nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu Mabula kumi na miwili. Siku hiyo Baba alikuwa amekwenda Kisesa kwa baiskeli kutazama kinanda cha kanisa, mama yuko sokoni. Tukaamua tuwe bendi. Mimi mwimbaji, Mabula mpiga kodiani. Ukutani kulikuwa na kodiani mbili nyekundu, za aina moja, zimenunuliwa duka moja la Mhindi, huwezi kuzitofautisha hata ukizilaza pamoja. Moja ilikuwa ya Shija wa Usagara, nyingine ya Magesa wa Ukerewe. Mabula akasema bendi kubwa huvaa nishani. Tukafungua zile karatasi mbili, tukazibana vifuani kwa pini za mama, tukaimba mpaka sauti ikanikauka.

Kisha tukasikia kengele ya baiskeli pale kwenye kona. Mabula alizitundika kodiani, akafunga karatasi mbiombio. Mjomba wetu alikuwa amemfundisha fundo la wavuvi, na hilo ndilo lililotumaliza, maana alilifunga vizuri kama Baba mwenyewe. Mimi niliona. Niliona karatasi ya Shija ikienda kwenye kodiani ya Magesa, nikafungua mdomo, Baba akawa ameshaingia. Nikasema shikamoo badala yake.

Wiki ile ile Shija akaja. Alikuwa kijana mrefu, mpigaji wa harusi na misiba barabara yote ya Usagara, mtu wa utani mwingi. Baba akamshushia kodiani yenye jina lake. Shija akaivaa, akaingiza mkono kwenye mkanda, akautoa kabla hajabonyeza chochote. Akasema hii si yake, yake ni ile pale, mkono wake unaijua. Baba akasoma karatasi. Akamwambia kwa upole kwamba ile pale ni ya Magesa, naye hawezi kumpa mtu cha mwenzake wala kumruhusu akipige. Shija akaomba. Baba akakataa. Akamwahidi kitu kimoja tu: "Magesa akija, nitaziweka zote mbili mezani, kila mtu apige, nisikilize."

Shija alitoka bila chombo. Alipofika mlangoni akasema, watu wakisikia, kwamba fundi wa Mirongo amekuwa mwizi. Baba alisimama na karatasi mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nayajua yote, na sikusema. Nilikuwa naogopa fimbo. Leo nikikumbuka kwamba nilinyamaza kwa sababu ya fimbo tatu za mpera, naona haya hata nikiwa peke yangu.

Magesa hakuja. Tulisikia amehamia ng'ambo, wengine wakasema Bukoba, wengine Kenya. Watu wa barabara ya Usagara walipungua, kisha wakakoma kabisa. Baba hakumsema Shija vibaya hata siku moja. Kila mwezi alizishusha zile kodiani mbili, akazifungua mifuko, akazipunga hewa na kuzianika kivulini zisiliwe na mende wala unyevu wa ziwa. Nyumbani "Magesa akija" ikawa neno letu la kila kitu. Sare mpya utanunuliwa lini? Magesa akija. Lini tutakula kuku? Magesa akija. Mama alicheka, sote tulicheka, na mimi na Mabula tulicheka tukitazama chini.

Baba alifariki akiwa bado anasubiri. Nilirithi ufunguo wa karakana na kazi ya kuanika. Kisha Mabula naye akafariki, huko Geita, nikabaki peke yangu duniani ninayejua jambo hilo. Kila mwezi nilizishusha zile kodiani, na kila mwezi niliahidi kwamba mwezi ujao nitakwenda Usagara.

Sasa Neema ananiambia nichague vitatu. Vile vya Baba mwenyewe havikunisumbua sana. Ngoma nne zimekwenda kanisani, matarumbeta shuleni kwa watoto wa gwaride, zeze nimempa mzee mmoja wa Kisesa anayejua kulitumia. Vyenye karatasi nimezungusha simu wiki nzima kutafuta watoto na wajukuu wa wenyewe. Wengine walikuja wakalia, wengine wakasema nitupe tu. Neema alishauri viwili vitatu nivipige picha, nivitie mtandaoni, mahoteli wanavitafuta wavitundike kama mapambo. Nikamwambia vya watu havipambi hoteli. Zikabaki zile nyekundu mbili, na kila nilipoingia chumbani niliona zinanitazama.

Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba sikujiamini tena. Je, kweli zilibadilishana? Au miaka yote hii nimejitungia? Na kama baadaye Mabula alijirudi akazirudisha kimyakimya bila kuniambia? Nilizisoma karatasi mara kumi kwa siku. Mwishoni nikaamua nichukue zote mbili, kama Baba alivyoahidi.

Niliuliza njiapanda ya Usagara kama Mzee Shija bado yupo. Kijana wa bodaboda akasema yupo, yule anayelalamikaga kuhusu spika za vijana. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mrefu bado lakini amepinda, anachambua maharage na mjukuu wake. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza mimi ni wa nani. Nilipomtaja Baba, mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

Nilimwambia yote bila kupumzika: bendi, nishani, kengele ya baiskeli, pazia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Yeye aliuliza tu, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa, baba."

"Na mzee wako alikufa hajui?"

"Hajui."

Alitikisa kichwa. "Hiyo ndiyo mbaya, mwanangu. Mimi nilinunuaga nyingine."

Nililia hapo hapo mbele ya mjukuu na maharage. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha kwa mtu aliyepoteza kodiani, na kumbe aliyepoteza kweli ni mtu ambaye siwezi tena kumwomba kitu. Mzee aliniacha nilie. Kisha akamwambia mjukuu alete meza.

Tukaziweka zote mbili mezani. Nilizigeuza ili karatasi zisionekane, nikamwambia achague mwenyewe. Akaingiza mkono katika mkanda wa ya kwanza, akautoa. Akaingiza katika ya pili, na vidole vyake, vilivyokuwa vigumu hata kuchambua maharage, vikakaa. Nikageuza karatasi. Ilikuwa yenye jina la Magesa. Kumbe nilikumbuka sawa, nikajiona kama mtu aliyeshtakiwa na kuachiwa siku moja.

Alipovuta, mfuko ulijaa hewa bila kuvuja. Akaacha, akanitazama. "Nani alikuwa anaitunza?"

"Baba. Halafu mimi."

"Mwizi hatunzagi," akasema, kwa sauti ya chini, akijiambia mwenyewe. Baadaye aliniambia kwamba wale aliowaambia maneno yale siku ile wamebaki watatu tu, mmoja hasikii vizuri, lakini Jumapili atawafuata wote ayafute, na huyo asiyesikia atamwandikia.

Halafu akapiga. Hakupiga vizuri. Alikosea, akarudi nyuma, akakosea pale pale, na mjukuu alikuwa ameshatoa simu kumrekodi. Mimi nilifumba macho kama Baba. Alipomaliza aliniangalia, akisubiri, na ndipo nilipoelewa kwamba anaijua sheria, kwamba miaka yote hii kazi ya Baba ilikuwa haijafungwa. Nikasema, "Imekukumbuka. Haya, chukua."

Enzi zetu mtu aliacha kitu chake chenye thamani kwa mtu mwingine, akaondoka na imani tu, na kipande cha boksi la sabuni kikawa shahidi. Leo kila kitu kina namba, picha na risiti ndani ya simu, na hakuna anayemsubiri mwenzake hata robo saa bila kumpigia. Sisemi tulikuwa watu bora. Tuliogopa sana wakubwa, na woga ule ulimla Baba jina lake. Mjukuu wangu angekuwa yeye siku ile, angesema palepale, "Babu, sisi ndio tulibadilisha," na jioni angekuwa amesahau. Hilo nawaonea wivu. Lakini sijui kama angeianika kodiani ya mtu asiyemjua, mwezi hadi mwezi, kwa sababu tu huenda akaja.

Nilirudi na moja. Neema ameshapigilia misumari mitatu kwenye ukuta wa Kisesa. Wa kwanza ni wa gitaa la Baba, wa pili wa filimbi ya Mabula. Akauliza wa tatu nimeamua nini. Nilichukua karatasi ya Magesa, nikaifunga kwenye ile kodiani nyekundu iliyobaki, mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Fundo la wavuvi sikuwahi kulijua, kwa hiyo nimelifunga langu, baya, nene, la kitoto, ili yeyote atakayekuja ajue ni mkono wa nani.

Kesho ni tarehe ya kuianika.